Nati Zilizopikwa Jikoni

Katika mazishi ya mama yangu, juzijuzi tu, msomaji wa wasifu wa marehemu alisimama mbele ya jeneza, akakohoa kidogo, akasoma kwamba marehemu "alikuwa mama wa nyumbani, mke wa fundi maarufu wa vyuma." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, kitenge nimejifunika mpaka machoni, na nilitaka kunyanyuka nimnyang'anye ile karatasi. Mdogo wangu wa kiume alinishika mkono. "Dada, acha," akaninong'oneza, "siyo leo." Nikaacha. Sasa ninaandika, na huku hakuna wa kunishika mkono.

Mama wa nyumbani! Nyumbani alikuwapo, sikatai. Alikuwa nyumbani akitengeneza skrubu. Alitengeneza na bolti na nati zake, kwa tupa, nyundo na moto wa kuni, katika jiko la nyasi huko Maguu, na zilifunga mashine za kumenya kahawa kuanzia mlimani kwetu mpaka kule Kingerikiti. Fundi maarufu wanayemsema, yaani baba yangu, Mungu amweke pema, hakuwahi kutengeneza skrubu hata moja. Najua wapo watakaonikasirikia nikisema hivyo. Wakasirike.

Ninyi wa rika langu mliokulia milimani mnazikumbuka mashine zile. Ni zile za kuzungusha kwa mkono, chuma kizito cha kizamani, zilizoletwa na watu ambao walishaondoka zamani na spea zao. Bolti ikikatika, dukani huipati, kwa sababu hesi yake, ile mistari inayozunguka na kuifanya bolti iingie kwenye nati, haikulingana na ya duka lolote, iwe Mbinga mjini au Songea. Na kahawa mbivu haina subira. Ukiichuma leo na kuiacha kwenye gunia, kesho kutwa imeanza kuchacha, na jasho lako la mwaka mzima linanuka. Kwa hiyo mtu aliyeweza kukutengenezea bolti moja kwa siku moja alikuwa mtu wa kumsalimia kwa kuvua kofia. Walimvulia kofia baba.

Jiko letu lilinuka oili chafu, ile oili nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye magari. Mama aliiweka kwenye kopo karibu na mafiga. Chuma kikishaiva moto mpaka kikawa chekundu, alikitumbukiza humo, kikalia na kutoa moshi mzito wa kijivu, na moshi ule uliingia kwenye maharage, kwenye nywele, kwenye daftari zangu za shule. Mpaka leo nikipita mbele ya gereji na kusikia harufu ya oili inayoungua, mate yananijaa mdomoni. Wenzangu wanashika pua, mimi nasikia njaa.

Kazi ilikwenda hivi. Mama alichukua kipande cha nondo, akakichoma ncha moja mpaka ikawaka, akakisimamisha kwenye tundu la bamba nene la chuma, ncha ile nyekundu ikichungulia juu, kisha akaigonga kwa nyundo, upesiupesi kabla haijapoa, mpaka ikatanuka ikawa kichwa. Kichwa kikishapoa alikibana kwenye jiliwa, ile mashine ya kubania chuma, akakipiga tupa pande sita, akihesabu kwa midomo bila sauti. Mwisho ndipo ilipokuja hesi. Alikuwa na sanduku la mbao lenye vipande vya chuma vya duara, vyenye tundu katikati na meno ndani ya tundu. Mafundi huviita dai. Dai moja aliifunga kwenye mpini wenye mikono miwili, akaivisha kwenye ncha ya bolti, akadondosha oili, akaanza kuzungusha. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Nusu mbele, robo nyuma. Vinyweleo vya chuma vilidondoka kwenye majivu, na mistari ikatokea taratibu, mizuri, inayolingana. Mimi nilichukia ile robo ya nyuma. Niliona mama anasitasita, kama mtu asiyejua njia, na moyoni nilimwambia: songa mbele basi, mbona unaogopa?

Nikiwa mdogo zaidi niliamini kwamba kila mama anapika nati. Ugali hupikwa jikoni, maharage hupikwa jikoni, nati nazo hupikwa jikoni, mimi ningejuaje? Siku moja nilikuwa kwa rafiki yangu wa shule, nikamuuliza mama yake kwa heshima zote, "Mama, nyie nati mnapika saa ngapi?" Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Alilipeleka lile jambo mtoni, kwa wachota maji, na kabla ya jioni mama yangu alikuwa amelipata. Hakunichapa. Aliniita, akanishika mabega, akasema, "Ya jikoni kwetu usiyaseme nje. Umesikia?"

Nilisikia, na nikaelewa vibaya. Kitu pekee nilichojua kinachopikwa jikoni na hakisemwi nje kilikuwa gongo. Basi nati ni haramu, nikajiambia. Mama anapika nati za magendo. Tangu siku hiyo niliishi roho mkononi. Mtendaji wa kijiji akipita njiani na kofia yake, nilikimbia jikoni kuficha ushahidi, na siku alipoingia uani ghafla kumsalimia baba nilimwaga nati zote kwenye sufuria ya maharage. Baba ndiye aliyeziuma. Alitoa moja mdomoni, akaiangalia, akamwangalia mama, na wote wawili walicheka mpaka machozi, na mimi nilikaa pale nimeshika kichwa, nikishangaa watu wanaocheka huku wanakaribia kufungwa.

Baba alikuwa mbele, barazani. Kazi yake ilikuwa kupokea watu, na aliifanya vizuri, sitamnyima haki yake. Alikuwa na sauti nzuri na maneno matamu; mkulima alifika amenuna, akaondoka anatabasamu. Aliishika bolti iliyokatika, akaigeuza geuza kwenye mwanga, akaguna kama daktari. "Njoo kesho jioni, itakuwa tayari," alisema, kisha akaileta jikoni kwa mama. Kesho yake jioni aliitoa mfukoni, imefungwa kwenye kitambaa. Mama hakutokea. Nilipokuwa mkubwa kidogo na nimeshaelewa kuwa nati si haramu, nilimuuliza kwa nini hatoki naye. Alikuwa anapuliza moto. "Wangeileta kwa mwanamke?" akasema. "Tena mwanamke wa ziwani? Wangesema itakatikia njiani."

Maana mama hakuwa Mmatengo. Alikuwa Mnyasa, Mwanglikana, aliyezaliwa pwani ya ziwa chini huko, kwa watu wa usipa, wale dagaa wa ziwani, na mihogo, akaolewa mlimani kwa Wakatoliki wa kahawa na mahindi. Alijifunza kulima ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, mpaka akawashinda waliozaliwa nayo, na bado walimwita mtu wa ziwani. Babu yangu wa huko, baba yake mama, alikuwa fundi wa boti za misheni. Spea ziliwafikia kwa meli, na meli ilifika ilipotaka, kwa hiyo babu alitengeneza skrubu zake mwenyewe. Hakujaliwa mtoto wa kiume aliyeipenda kazi, akamfundisha binti aliyeipenda. Nilimpenda sana baba yangu. Pia nina hasira naye, mpaka leo, kwa sababu ile kofia waliyomvulia angeweza siku moja tu kusema, "Mvulieni huyo aliyeko jikoni." Hakusema, akafa.

Alikufa kwa homa, msimu wa kahawa ukiwa umeisha. Matanga yalipoondolewa, baba mdogo Otmari, mdogo wake baba, alikuja na toroli. Kwetu vifaa vya fundi vilibaki kwa ndugu zake wa kiume, na hakuna aliyeona haja ya kueleza sababu. Baba mdogo Otmari alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na hajawahi kushika tupa maishani mwake, lakini alikuwa mwanamume. Alipakia nyundo. Alipakia bamba lenye tundu. Aliling'oa jiliwa kwa mtaimbo, akalipakia. Mwisho akachukua lile sanduku la dai, na kwa kuwa lilikuwa zito, mama akamsaidia kulinyanyua.

Nilimwona kwa macho yangu akimsaidia! Nilisimama mlangoni na mdogo wangu mgongoni, nikangoja mama apige kelele, alie, amshike mkono. Alisema tu, "Angalia hapo, shemeji, kuna jiwe," toroli lisije likapinduka. Nilimdharau mama yangu siku ile. Nasema wazi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wapo watoto wengine waliowadharau mama zao kwa mambo waliyoyaona nusu. Nilijiambia: ndiyo yule yule wa robo nyuma.

Siku chache baadaye nilimkuta jikoni ameshika tupa kuukuu, meno yake yameisha, mojawapo ya zile ambazo baba mdogo aliziacha kwa kuziona takataka. Aliichoma mpaka ikawaka nzima, akaifukia kwenye majivu ya moto, akaiacha ilale humo. Asubuhi chuma kilekile kilichokuwa kigumu kuliko vyote kilikuwa kimelainika, ungeweza kukikwaruza. Akakata kipande, akakiviringisha kwa kukipiga na tupa nyingine mpaka kikawa cha duara. Kisha akatoa kwenye mfuko wa mihogo mikavu kitu ambacho sikukitegemea: uzi wa nyavu.

"Kaa hapa," akaniambia. "Shika ncha hii. Ukiachia, tunaanza upya."

Alichukua nyuzi mbili zinazolingana unene, akazipaka nta, akazizungushia kwenye kile chuma pamoja, zikiwa zimelala bega kwa bega, bila nafasi wala kupandana, mpaka mwisho. Kisha akaubandua mmoja. Uliobaki ulikuwa umezunguka chuma chote, na kati ya mzunguko na mzunguko palibaki njia tupu, inayolingana, ikipanda kuanzia chini hadi juu. Akachukua tupa ya pembe tatu, ile nyembamba, akaanza kuifuata ile njia. Alikuwa amekibana chuma kwa kukikanyaga juu ya kigogo, maana jiliwa halikuwapo. Ilimchukua siku mbili.

"Mama, kwa nini ulimsaidia kubeba?" nilimuuliza siku ya pili. Nilikuwa nimechoka kuvumilia.

"Kachukua vyuma," alisema bila kuinua kichwa. "Kazi ataibeba kwenye toroli gani? Shika uzi."

Skrubu ile ya kwanza, iliyofuata njia ya uzi, aliichonga ubavuni mifereji mitatu ili iwe na meno, akaichoma, akaitumbukiza kwenye oili ikawa ngumu tena. Hiyo ndiyo tepu. Akaitumia kukata hesi ndani ya tundu la bamba jingine laini, akalichonga, akaligumisha nalo, na hapo akawa na dai. Na ukiwa na dai, dunia ni yako: kila nondo unayoiokota ni bolti. Katika siku zile niliuliza na kuhusu robo ya nyuma. Mama akanipa dai, akaniambia nizungushe mbele tu. Nilizungusha kwa furaha, mara tatu, nne, halafu ikakaza na jino likaruka. Alilitafuta kwenye majivu akanionyesha. Ukienda mbele tu, vinyweleo vinajazana, vinakwama na kuvunja jino. Ukirudi robo, vinakatika na kudondoka. Kumbe hakuwa anasitasita hata siku moja. Dai ile ilibidi aitengeneze upya, na hakunisema.

Msimu wa kahawa ukaja. Baba mdogo Otmari alifungua ufundi wake njiani, kwenye kibanda, na bamba la jina la baba juu. Watu walimpelekea kazi, na kazi ziliwarudia zikiwa na hesi iliyochanika. Mkulima mmoja, kahawa yake ikiwa imeshaanza kuchacha, alikuja kwetu kumlilia mama shida tu, hakutegemea chochote. Mama akamwambia aache bolti aende. Jioni aliikuta tayari. Yule hakufunga mdomo, na baada ya wiki walikuwa wanakuja wanne, watano, wakipitia nyuma, upande wa migomba, kama watu wanaokwenda kunywa gongo. Safari hii nilicheka mwenyewe.

Habari zikamfikia baba mdogo. Alikuja na vijana wawili wakati mama yuko shambani, akaingia jikoni, akazikuta dai, akazichukua. Jioni ile alimwambia mama mbele yetu, "Shemeji, umeuibia ukoo. Ulificha vifaa vya marehemu. Jumamosi utakwenda kujieleza sengu. Wakikukuta na hatia, unarudi kwenu ziwani, na watoto wanabaki kwetu. Hawa ni wa ukoo."

Sengu, kwa asiyejua, ni pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja nyumbani kwa mzee wao. Kila mke anapika, anapeleka sahani yake, anaondoka. Wanaume wanakula, na wakila wanaamua mambo. Aliyekuwa mkubwa wakati huo ni Babu Gaspari, kaka yake babu yangu mzaa baba. Alikuwa mzee mnene, mkali, mpenda chakula kupindukia, na hakutaka kesi ndefu. Mimi nililala usiku ule nimemkumbatia mdogo wangu na mkono mwingine nimeshika kitenge cha mama. Nilijua kabisa maana ya yale maneno. Ningemwona mama akishuka mlima, nami ningebaki juu.

Jumamosi asubuhi mama alioga, akavaa kitenge chake cha kanisani, akapakia kwenye kikapu tupa, uzi wa nyavu, keekee ya kutobolea, kopo la oili, nta, nondo, bamba dogo laini, na kipande cha tupa kuukuu alichokuwa amekilaza kwenye majivu. Hakubeba sahani ya chakula. Nilimkumbusha. "Leo hawali kwangu," akasema.

Babu Gaspari alikuwa amekaa kwenye kiti chake uani, wanaume kumi hivi wamemzunguka. Baba mdogo Otmari akaweka zile dai mbele yake. "Hizi hapa, baba. Nimezikuta kwake."

"Mkamwana," Babu alimwambia mama, "ulizipata wapi?"

"Shikamoo, baba. Nilizitengeneza."

Walicheka. Wengine walicheka kwa wema, kama mtu anavyomchekea mtoto. Mama alingoja wamalize.

"Naomba siku ya leo tu," akasema. "Nitatengeneza nyingine hapa hapa, mwanzo mpaka mwisho. Ila msinyanyuke. Mtu akinyanyuka, shemeji atasema nimebadilisha. Na shemeji akae hapa, karibu na mkono wangu."

Babu aliangalia jua, akaangalia upande wa jiko la nyumba yake. Nadhani alipiga hesabu kwamba mama atashindwa kabla ya saa sita. "Haya," akasema, "anza."

Mimi nilishika ncha ya uzi. Mama akaniangalia mara moja, nikaikaza. Nyuzi mbili, nta, kuzungusha, kubandua mmoja, na ile njia tupu ikatokea kwenye chuma. Wanaume wakasogea. Kisha tupa ikaanza kulia, kri, kri, kri, upesi kuliko ile mara ya kwanza maana mkono ulishazoea, na ililia hivyo asubuhi nzima, na hakuna sauti inayochosha kama hiyo kwa mtu asiye na kazi. Wazee walisinzia, wakaamka, wakaikuta bado inalia.

Saa sita wake wa ukoo wakaja na sahani. Ugali, maharage, mboga za maboga, na kwa Babu kuku mzima. Harufu ilienea uani. Babu alijikaza, kijasho chembamba kikamtoka. "Tungeingia tule kidogo," alisema, "halafu tuendelee."

"Mkiingia, baba, tunaanza upya kesho," mama akajibu. Tupa haikusimama.

Wakakaa. Wanaume wazima wa ukoo wetu walikaa njaa mbele ya chakula chao, ugali ukaganda, nzi wakala. Kawaida wanawake waliweka sahani na kuondoka. Siku ile hawakuondoka. Walisimama kando ya ukuta, mikono wamefunga kifuani, na mmoja wao, mama mdogo Skolastika, mke wa baba mdogo Otmari mwenyewe, alitua sufuria yake, akaja akachutama upande wa mama, akaanza kupuliza moto. Mumewe alimwita kwa jina. Akawa kama hajasikia. Sijui ni nini kilichompeleka pale, na sikuwahi kumuuliza, lakini nikifikiria ujasiri sura inayonijia ni yake, mashavu yamevimba kwa pumzi.

Tepu ikachomwa, ikalia kwenye oili. Bamba likatobolewa, likakatwa hesi, nalo likachomwa, likalia. Jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa mlima. Mama akachukua kipande cha nondo, akakivisha dai mpya, akadondosha oili, akaanza kuzungusha. Nusu mbele, robo nyuma.

"Anarudi!" baba mdogo Otmari akaruka. "Mmeona? Amekosea, anarudi nyuma! Hajui!"

Babu Gaspari, njaa imemtoa usingizi wote, akamgeukia. "Kwani wewe ukikata hurudi?"

"Mimi? Mimi naenda mbele mpaka mwisho!"

"Ndiyo maana umezivunja zote!" nikapayuka. Mtoto wa miaka kumi, mbele ya sengu, kumpayukia baba yake mdogo! Mama alinitupia jicho, nikainamisha kichwa. Lakini lilikuwa limeshatoka, na Babu alikuwa amelisikia.

"Zimevunjika?" Babu aliuliza. Baba mdogo akageukia sahani za chakula. "Otmari, nimekuuliza. Dai za marehemu zimevunjika?"

"Zimebaki mbili, baba."

Mama akamaliza bolti. Akaifuta kwa upindo wa kitenge chake cha kanisani, akakata nati kwa ile tepu, akampa Babu vyote viwili, mkono kwa mkono. Mzee akaiweka nati kwenye ncha, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikazunguka, ikapanda, ikaenda mpaka kwenye mwisho wa hesi, laini, bila kukwama. Akairudisha. Akaipandisha tena. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Na lile sanduku alilokuwa nalo marehemu," akasema hatimaye, "lilitoka wapi?"

"Ni la baba yangu, fundi wa boti ziwani. Nililileta nilipoolewa, kwenye tenga, chini ya usipa."

Hata mimi sikulijua hilo.

"Kwa hiyo bolti zote zile ni wewe." Mama aliokota tupa zake. "Mkamwana, miaka yote hiyo mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza, baba. Kila nilipokuja hapa mlikuwa mnakula."

Nilidhani atapigwa. Babu akaitazama bolti mkononi, kisha akamwambia Otmari arudishe kila kitu alichopakia, na kwamba mwenye kutaja tena habari za kumrudisha mkamwana ziwani atakula peke yake nyumbani kwake. Hiyo kwetu si adhabu ndogo. Ndipo akaomba kuku wake.

Baba mdogo alikuja Jumatatu, mchana kweupe, akisukuma toroli lile lile, na watu wakisimama mashambani kumwangalia. Alilisukuma mpaka uani, akataka kugeukia jikoni. Mama akamwambia, "Hapana, shemeji. Jiliwa likae mbele, barazani." Akalibeba mpaka barazani, akaliweka juu ya meza nzito iliyotazama barabara, akalisogeza, likayumba. Bolti nne zilizokuwa zimelishika zilikatika siku alipoling'oa kwa mtaimbo.

"Bolti ziko wapi, shemeji?" akauliza.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na nondo na tupa, akanipa mimi.

"Mwonyeshe baba yako mdogo anaanzaje," akasema, akarudi kukaa.

Nilimsogelea. Alikuwa mrefu sana, ilibidi nitazame juu. "Shikamoo, baba mdogo," nikasema, nikampa tupa kwa mikono miwili. Alinitazama, akamtazama mama, akatazama barabara iliyojaa watu. "Marahaba," akaitika, akachuchumaa nilipomwonyesha.